PRP ya magoti: mama kachomwa sindano tatu, milioni 1.35 imeondoka, goti ni lile lile

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 67, magoti yanamtesa muda mrefu. Dada akaona tangazo la kliniki moja hapa Dar: wanaotesha gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ya goti) upya kwa damu yako mwenyewe, bila kisu. Wanaiita PRP, yaani sindano ya sehemu ya damu yenye chembe sahani nyingi. Mama aliposikia bila kisu akakubali hapo hapo. Sindano tatu, kila moja laki nne na nusu. Hela ya mradi wake wa kuku yote ikaishia huko.

Siku ya kwanza nilimpeleka mimi. Wakamtoa damu, wakaiweka kwenye mashine ya kuzungusha, baada ya dakika kumi hivi wakavuta yale maji ya njano wakamchoma gotini. Nikauliza, humu mmepata chembe sahani (zile chembe zinazogandisha damu) ngapi? Kwa sababu hizo ndizo dawa yenyewe. Mtu mwenye afya huwa nazo 150,000 hadi 450,000 kwenye mikrolita moja ya damu, na kazi ya kuzungusha ni kuzikusanya zizidi hapo mara kadhaa. Kijana akanijibu, "Mashine inajua." Hawakupima kabla, hawakupima baada. Wao wenyewe hawajui walimchoma nini!

Kisha wakampa diklofenaki akameze nyumbani. Dawa za kundi hilo zinadhoofisha chembe sahani zile zile walizomuuzia. Wanaofanya kazi hii kwa makini humwambia mgonjwa aziache kabla na baada ya sindano.

Na eksirei hakuna aliyeiomba, mara zote tatu. Baada ya sindano ya mwisho mama akashindwa hata kupanda ngazi za kanisani, ndipo nikampeleka kwa daktari wa mifupa. Picha moja tu ikamaliza maneno: goti limesagika hadi hatua ya nne, ya mwisho, mfupa unasugua mfupa. Hakuna sindano inayorudisha hapo. Kilichobaki ni mazoezi, fimbo, na kujipanga kwa upasuaji wa kubadilisha goti, ule ule alioambiwa ataukwepa.

Nimekaa usiku nikisoma. Australia walichukua watu 288 ambao magoti yao yalikuwa bado hayajaharibika sana, nusu wakachomwa PRP mara tatu, nusu maji ya chumvi, bila kujua nani kapata nini. Matokeo yalitoka 2021 kwenye jarida la JAMA: baada ya mwaka mmoja, maumivu hayakutofautiana kwa maana yoyote, gegedu nayo vivyo hivyo. Zipo tafiti nyingine zilizoona nafuu, sikatai. Lakini nafuu ya maumivu ni jambo moja, "tunaotesha gegedu" ni uongo mtupu kwa bibi wa miaka 67.

Nikarudi kliniki. Wakaniambia kila mwili unapokea tofauti, aongeze mbili, watatupunguzia bei. Nikaomba risiti ya EFD, nikapewa kikaratasi cha kuandikwa kwa mkono.

Kinachoninyima usingizi sasa ni hiki. Chumba kile kile wanachoma watu damu usoni ili ngozi ing'ae, na bomba la mama halikuandikwa jina. Yalikuwepo mengine mawili kwenye trei ile ile. Kule Albuquerque, Marekani, 2018, wanawake walipata VVU kwenye saluni iliyofanya huduma hiyo ya uso bila leseni. Wachunguzi wakakuta mabomba ya damu yasiyo na majina kwenye friji la jikoni pamoja na chakula. Mama nimempeleka kupima, yuko salama, ila tumeambiwa arudie baada ya miezi mitatu. Bado hajui kwa nini namrudisha.

Kuna aliyewahi kufungua malalamiko Baraza la Madaktari? Walitaka nyaraka gani? Nina hicho kikaratasi, meseji za miamala na picha ya eksirei.