Makoloni 13 ya Marekani yaliasi kwa sababu ya kodi, au ya ardhi?

Mleta mada
Kila tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, tunasikia hadithi ile ile: Mwingereza alipandisha kodi ya chai, watu wa Boston wakaimwaga baharini, vita vikaanza. Naipinga. Sheria ya Chai ya 1773 ilishusha bei. Kampuni ya East India iliruhusiwa kuuza moja kwa moja Marekani bila kupitia mnada wa London, na ushuru ukabaki peni 3 kwa ratili, ule ule wa tangu 1767. Walioumia zaidi ni wenye magendo ya chai ya Kiholanzi. Makasha 342 yakaishia majini.

Chanzo halisi ni ardhi. Mwaka 1763, baada ya kumshinda Mfaransa, Mfalme George III aliwakataza walowezi kuvuka milima ya Appalachia. Lakini tangu 1754 Virginia ilikuwa imewaahidi askari wake eka 200,000 huko ng'ambo ya milima, na George Washington alikuwa mmoja wa waliodai fungu lao.

Kobe
Mkuu, mpaka huo ulisogezwa magharibi 1768 kwa mkataba wa Fort Stanwix. Mbona hasira hazikupoa? Na moto uliwaka Boston, mji wa meli na molasi.

Usitazame kiwango cha kodi, tazama namna ya kuikusanya. Mwaka 1764 ushuru wa molasi ulipunguzwa kutoka peni 6 kwa galoni hadi 3. Ulipunguzwa! Ila zile 6 hazikuwa zikilipwa. Ofisa wa forodha alipewa chochote, mzigo ukapita. Zile 3 zilikuja na manowari, tena na mahakama ya Halifax, mji wa Kanada ya leo, ambako jaji aliamua peke yake, bila baraza la raia. Mwaka uliofuata ikaja kodi ya stempu kwenye magazeti, hati za mahakama, leseni, hata karata. Ilidaiwa kwa sarafu ya Uingereza, adimu kule, wakati sheria ya 1764 ilishawazuia kutoa noti za kulipia madeni kihalali. Waliobanwa wa kwanza ni mawakili na wachapaji. Huwezi kuchokoza hao wawili kwa pamoja ukalala usingizi.

Bint Pwani
Nyote mmewaruka waliokuwa wakilima mashamba, yaani watumwa. Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa Virginia, aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaobeba silaha upande wa mfalme. Azimio la Uhuru la 1776 linamlaumu mfalme kwa kuchochea maasi ya ndani, na wasomaji wake walijua anayetajwa ni nani. Katiba ya 1787 ikahesabu watumwa watano kama watu watatu katika kugawa viti vya wabunge, ikazuia biashara ya watumwa kupigwa marufuku kabla ya 1808.

Sisemi hicho ndicho chanzo. Risasi za Lexington zililia 19 Aprili 1775, miezi saba kabla ya Dunmore. Kinaieleza Kusini, hakiielezi Boston.

Mleta mada
Kobe, kuhusu stempu nimekuelewa. Lakini 1774, mwaka ule ule bandari ya Boston ilipofungwa, ardhi ya kaskazini ya mto Ohio iliwekwa chini ya Quebec, koloni jingine la Mwingereza. Fort Stanwix haikuigusa hiyo.

Na kama tatizo lilikuwa nani anatoza, angalia walivyotozana wenyewe. Chini ya mkataba wa muungano wa 1781 Kongresi, bunge la muungano, haikuwa na mamlaka ya kodi. Iliomba majimbo, nayo yakatoa yalivyotaka. Pendekezo la ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje lilihitaji ridhaa ya majimbo yote 13. Rhode Island peke yake ikalizamisha 1782. La pili likakwamishwa na New York. Ndiyo maana Katiba mpya ilihitaji majimbo 9 tu ili ianze kazi. Mwaka 1791 serikali mpya ikatoza kodi ya wiski, na 1794 Washington, sasa rais, akapeleka wanamgambo wapatao 13,000 kuwazima wakulima wa magharibi ya Pennsylvania. Hao walikuwa na wabunge wao, na bado waliasi.

Kobe
Walikuwa nao, ndiyo. Kodi hiyo ikafutwa 1802 na Kongresi yenyewe, baada ya chama cha Jefferson kushinda uchaguzi. Wa Boston 1774 wangempigia kura nani?