Mjadala: Bastola ya kujikinga mlimani, aibebe nani?

Wapenzi wa milima, naileta hoja hii mbele yenu kwa sababu imetugawanya. Katika kikundi chetu, watu wa Nairobi tunaotoka Jumamosi kwenda Ngong, Longonot au Elephant Hill, mwenzetu mmoja mwenye leseni ya silaha anataka kuanza kuja na bastola, na ameomba ushauri achague ipi. Wengine wameshaanza kumtajia aina. Mimi napinga, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza nikiri kwamba hofu yake ina msingi. Vilima vya Ngong vimewahi kuwa na sifa mbaya ya wanyang'anyi wanaojificha vichakani, na kuna watu wazima hadi leo hawataki kusikia habari za kupita kule bila ulinzi. Kutaka kurudi nyumbani salama si kosa.

Sasa tutazame silaha yenyewe. Waliomshauri wamegawanyika kati ya bastola ya Ceska ya milimita 9, ambayo ndiyo wengi wenye leseni hapa wanaijua, na rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) kubwa ya .357 kama wanavyopendekeza Wamarekani. Lakini Wamarekani wana dubu, na tangu 2010 sheria yao inaruhusu kuingia na silaha katika mbuga za taifa mradi sheria ya jimbo husika haikatazi. Kwetu Longonot ni mbuga ya taifa, na huingizi silaha humo bila idhini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Mnyama wa kuogopwa kule ni nyati. Nyati dume hupita kilo 600, na wawindaji wa nchi za kusini mwa Afrika humwendea na bunduki ndefu yenye risasi nzito, ya .375 kwenda juu. Ukimpiga kwa milimita 9 umemjeruhi tu, na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwako na kwa kikundi kitakachopita baada yako.

Kwa hiyo tuseme wazi kwamba bastola hii ni ya binadamu. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Wanyang'anyi wa mlimani hawaji mmoja mmoja, wala hawapigi hodi kutoka mbali. Wanachomoka hatua tano kutoka kwako, wakiwa na panga, nawe umefunga mkanda wa begi kiunoni juu ya koti la mvua, na bastola iko chini ya vyote hivyo. Kabla hujaifikia, washakuona unapapasa. Wakikunyang'anya, umewapa kitu wanachokitaka kuliko simu zetu zote, na kesho kitatumika mitaani, Rongai au Kayole.

Na ukiwahi kuitoa, unafyatua ukielekea wapi? Wikendi Ngong imejaa familia, vijana wa shule, na wafugaji walio na mifugo miteremkoni. Risasi ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, nawe umesimama juu ya mgongo wa mlima, moyo unadunda, pumzi imekatika, na upepo ni ule ule unaozungusha mitambo ya umeme wa upepo ya kampuni ya KenGen. Mtu anayelenga vizuri akiwa ametulia kwenye uwanja wa shabaha si mtu huyo huyo juu ya kilima cha nne.

Msimamo wangu: bunduki ibaki begani mwa askari wa KFS, shirika la misitu la Kenya, ambaye amefunzwa, anaijua njia na ana wenzake wa kuwaita. Tumlipe.

JIBU, kutoka kwa mkazi wa Rongai:
Ndugu, umesema vizuri lakini umeruka jambo moja. Askari mmoja kwa watu thelathini ni ulinzi gani? Wenye mbio wako mbele naye, sisi wa mwisho tumeachwa nyuma kabisa. Mimi ni mwanamke, na mara nyingi niko nyuma. Huyo mwenye leseni amepita kwenye Bodi ya Leseni za Silaha, amechunguzwa. Kwa nini nisijisikie salama zaidi akiwa kando yangu?

JIBU LA MWENYE HOJA:
Dada, umegusa kidonda chenyewe, na nakubali kwamba tumekuwa tukiwaacha watu nyuma. Hilo ni kosa la kikundi, na linarekebishika wiki hii: askari wawili, mmoja mbele na mmoja mwisho, na anayetembea polepole ndiye anayeamua mwendo. Tukigawana gharama, kila mtu ataongeza kidogo tu. Leseni inaonyesha kwamba mtu ameruhusiwa kumiliki silaha, lakini haimfanyi mlinzi wetu. Akimuua mtu, Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinampeleka kwenye misingi ya kujitetea ya sheria za Uingereza, na mahakama itauliza kama aliamini kweli kwamba yuko hatarini na kama nguvu aliyotumia ililingana na hatari hiyo. Sisi sote tutaitwa mashahidi.

JIBU, kutoka kwa mwingine:
Basi aje nayo aiache kwenye gari pale langoni.

JIBU LA MWENYE HOJA:
Hapana, mzee wangu. Gari lililoegeshwa kwa muda wa saa sita bila mtu ndilo mahali pabaya kuliko pote. Ibaki nyumbani, ndani ya sefu iliyofungwa. Wenye leseni mnaosoma hapa, naomba mnijibu: mmewahi kufanya mazoezi ya kuitoa bastola mkiwa na begi mgongoni na watu wamewazunguka? Na mkiipoteza kule msituni, mtaanza kuitafuta wapi?