Risasi ya bastola ya kujilinda: greini 115, 124 au 147? Wadau tuweke hoja mezani

Mleta mada

Wadau, naishi Texas, ambako tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea, asiye na kizuizi cha kisheria, anaweza kubeba bastola bila kibali. Kila nikienda kulenga shabaha nakutana na Waswahili wenzangu, na swali ni lilelile: kwa bastola ya milimita 9, ninunue risasi ya uzito gani? Majibu yanatolewa kwa ushabiki, kama vile ni Simba na Yanga. Hili ni jambo la uhai wa watu, tulijadili kwa hoja.

Uzito unaoandikwa kwenye boksi, kwa kipimo cha greini, ni wa kichwa cha risasi peke yake, ganda na baruti havimo. Greini 115 ni kama gramu 7.5, greini 124 ni gramu 8, greini 147 ni gramu 9.5. Ile nyepesi hutoka mtutuni kwa mita 350 hivi kwa sekunde, nzito karibu mita 300. Ukikokotoa nishati, nyepesi inaongoza kidogo, na wengi wanaipendea hapo.

Mimi kilichonitoa kwenye nyepesi ni tukio la Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Maofisa 8 wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walirushiana risasi na majambazi wawili, Michael Platt na William Matix. Ofisa Jerry Dove alimpata Platt kwa risasi ya milimita 9, greini 115, yenye tundu kichwani, ile inayotanuka ikigonga mwili. Ilipita kwenye mkono, ikaingia kifuani, ikachanua kama ilivyoundwa, kisha ikaishia njiani kabla ya kuufikia moyo. Jeraha lile lilikuwa la kufa, ila halikumwangusha. Platt aliendelea kupigana, na Dove pamoja na mwenzake Ben Grogan wakauawa. Maofisa wengine 5 walijeruhiwa.

Baada ya hapo FBI waliweka kipimo kinachofuatwa mpaka leo: risasi ipenye kwenye jeli ya majaribio, inayoiga nyama ya mwili, inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 45, hata ikianza kwa kupita nguo nzito, mbao, bati, jipsamu au kioo cha gari. Msimamo wangu: chukua 147, ulale.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, historia yako ni sahihi ila hitimisho linakimbia. Ile ya Miami ilikuwa risasi ya wakati wake. FBI wenyewe waliihama milimita 9 wakaenda milimita 10, halafu .40 (upana wa inchi 0.40), na miaka ya 2010 wakarudi kwenye milimita 9 ileile, kwa sababu vichwa vya risasi vimeboreshwa sana. Halafu kuna vichwa vya shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi (lead), kwa hiyo kichwa cha greini 115 cha shaba ni kirefu kuliko cha greini 115 cha lead, na zipo zinazotimiza kipimo hicho bila shida. Ukimwambia mtu "nzito ndiyo inapenya" atarudisha dukani kitu kizuri.

Mchangiaji wa 2

Naongeza la mtutu. Wengi wetu tunabeba vibastola vya inchi 3. Mtutu mfupi unakula kasi, na ile 147 ambayo tayari ni ya polepole inaweza kupita bila kuchanua. Mimi natumia 124 na sijaona sababu ya kuhama. Tena ukibadili uzito, pima upya shabaha yako: kwa umbali wa karibu, nzito hupiga juu kidogo kuliko nyepesi.

Mleta mada

Hapo kwenye shaba umenishika, ndugu. Nilikuwa nalinganisha namba na kusahau kilichomo. Naondoa neno "ulale". Nabaki na hili: swali la kwanza liwe kina cha kupenya, kwenye mtutu wa urefu kama wa kwako, uzito ufuate. Na kabla ya kuiamini, piga angalau boksi mbili za risasi hiyohiyo kwenye bastola yako. Ni ghali, najua, lakini kuna bastola zinazokwama na kichwa chenye tundu wakati zinakula za mazoezi bila tatizo.

Mchangiaji wa 3

Kaka zangu, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi apatimenti. Ukuta wa chumba cha watoto ni jipsamu. Mume wangu ameambiwa na muuzaji achukue nyepesi, eti haipiti ukuta. Kweli?

Mleta mada

Dada, si kweli, na aliyemwambia hivyo amewaweka watoto hatarini. Risasi yoyote yenye nguvu ya kumzuia mtu mzima itapita ukuta wa jipsamu, iwe 115 au 147. Mbaya zaidi, lile tundu la kichwani linaweza kujaa unga wa jipsamu, risasi ikakataa kuchanua, ikaendelea mbele kama ya kawaida. Hakuna uzito utakaowatatulia hilo.

Kaeni wawili mchana, simameni pale mtakapokuwa usiku mkisikia mlango unavunjwa, mtazame kila upande kuna nini nyuma ya ukuta, na jirani yuko wapi. Upande wa watoto haupigwi, hata iweje. Kwangu tulipofanya hivyo tuligundua kitanda cha mwanetu kiko kwenye mstari mmoja na mlango wa mbele. Tulikihamishia ukuta wa pili jioni ileile, na bastola ikaingia kwenye kasha la kufuli ambalo namba yake tunaijua watu wazima tu.

Mchangiaji wa 3

Asante kaka. Akirudi kazini leo tunafanya hivyo. Na boksi alilonunua ni la 124.

Mchangiaji wa 2

Dada, hiyo inafaa. Azipige kwanza.