MREJESHO: Gari lililobadilishwa pampu ya mafuta mara tatu

Wakuu, niliwaomba ushauri kuhusu gari langu la petroli la mwaka 1998. Pampu ya mafuta nimebadilisha mara tatu, chujio mara mbili, nozeli (zinazopulizia mafuta kwenye injini) zimesafishwa, na bado lilikuwa linazima likipanda kilima cha Bugando, Mwanza, jua likiwa kali. Limepona, nawashukuru sana.

Aliyesema "pima umeme kabla hujanunua pampu nyingine" ndiye aliyelenga. Fundi umeme mmoja pale Nyakato aliinua siti ya nyuma, akaweka mita kwenye soketi ya pampu injini ikiunguruma: volti 9.6. Kwenye betri, 13.9. Tukafuata waya wa ethi (unaorudisha umeme wa pampu kwenye bodi ya gari) mpaka ulipofungwa kwenye bodi. Bolti ilipofunguka, chini yake kutu tupu, na waya umebaki nyuzi chache zinazokatika ukizigusa kwa kidole. Kumbe pampu ilikuwa inazunguka kinyonge, presha inashuka, gari linakosa mafuta pale pale linapoyahitaji zaidi.

Alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya mpya mnene, akapaka grisi. Sasa pampu inapata 13.5. Tanki nalo tumeliosha, lilikuwa na tope la kutu. Na ile tabia ya kutembea taa ya mafuta ikiwaka nimeiacha, maana petroli ndiyo inayoipoza pampu.

Jumapili nimeenda Magu na kurudi, watu watano ndani, halikukohoa hata mara moja. Kinachoniuma ni pampu za zamani, huenda zilikuwa nzima. Bado ninazo, wiki hii nampelekea huyo fundi azipime.