Mainjinia, acheni kuleta hesabu za mkazo wa bomba zisizo na vizio!

Wakuu, hili limepitiliza. Faili la Excel linaletwa likaguliwe, limeshasainiwa na kupigwa mhuri, halafu kwenye seli ya presha kumeandikwa "100", basi. Mia nini? Bar? Psi? Kilo kwa sentimita ya mraba?

Mnakariri PD/2t (presha × kipenyo ÷ mara mbili ya unene wa ukuta, ndiyo mkazo wa bomba) mkidhani iko hivyo kila mahali. ASME B31.4 ya metriki (kanuni ya mabomba ya kusafirisha vimiminika) ina 20t kwa sababu presha inaingia kwa bar na mkazo unatoka kwa MPa. B31.8, ya mabomba ya gesi, ina 2000t kwa sababu presha yake ni kPa. Bomba la kipenyo mm 609.6, ukuta mm 14.3, bar 100: jibu ni MPa 213. Ukiweka 2 badala ya 20 utapata 2,131, na hilo hata mwanafunzi analiona.

Hatari ni kosa lisiloonekana. Bomba lililofukiwa likipanda joto kwa nyuzi 50, E (ugumu wa chuma dhidi ya kuvutika) ikiwa MPa 207,000 na mtanuko 11.7×10⁻⁶ kwa kila °C, mkazo wa joto ni MPa 121. Mtu ananakili 6.5×10⁻⁶, namba ya Fahrenheit, anaacha nyuzi zake za selsiasi. Inatoka 67! Inapendeza macho, inapitishwa, na karibu nusu ya mkazo imeyeyuka. Mwingine anageuza tofauti ya nyuzi 50 kuwa Fahrenheit 122. Tofauti ya joto haiongezwi 32 jamani, ni 90.

Kile kipimo cha haraka cha B31.3 (kanuni ya mabomba ya viwandani) cha kuona kama bomba linanyumbulika vya kutosha, Dy/(L−U)², ndiyo balaa kabisa. D ni kipenyo, y ni msogeo wa kubebwa, L ni urefu wa bomba na U ni umbali wa moja kwa moja kati ya ncha zake. Kikomo cha 208.3 cha matoleo ya zamani kilikuwa cha D na y kwa mm, L na U kwa mita. Kwa inchi na futi kikomo kilikuwa 0.03. Ukilinganisha inchi na futi zako na 208.3, hata bomba bovu litapita. Inchi kwa futi ni 83.33 mm/m, ipige kipeo cha pili, zidisha kwa 0.03, utaiona hiyo 208.3 inatoka wapi.

Na M/Z, mkazo wa kupinda (momenti ÷ moduli ya sehemu): N·m kwa mm³ lazima izidishwe kwa 1,000 ili itoke MPa.

Kila seli iandikwe kizio chake. Geuzeni vizio mara moja tu, kwenye ukurasa wa kuingizia data. Baada ya hapo ni N, mm na MPa mpaka mwisho. Kisha rudieni mstari mmoja kwa mkono, mfano lile bomba la juu kwa psi na inchi: psi 1,450 × inchi 24 ÷ (2 × 0.563) ni kama psi 30,900, gawa kwa 145 (MPa moja ni kama psi 145), ni 213 ileile. Faili lisilo na mstari huo lirudishwe siku hiyohiyo.