Chuo kinatuuzia notisi za uongo kuhusu Ubudha, ukitaka kuusoma kweli unaulizwa kama umehama dini!

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite kimya kimya. Chuo sikitaji, sijamaliza na cheti changu bado kiko mikononi mwao. Kiko hapa hapa Arusha, waliosoma pale watakitambua kabla hawajafika katikati.

Nasoma mambo ya dini na jamii. Ada tunalipa, tena ukichelewa jina lako linabandikwa ubaoni wiki ya mtihani kila mtu asome. Sasa kwenye kozi ya dini za dunia, Ubudha umepewa kipindi kimoja. Dini yenye wafuasi mamia ya mamilioni imebanwa kati ya Uhindu na kitu kinachoitwa "dini nyinginezo". Na hicho kipindi chenyewe mhadhiri aliingia muda umeshakatika, akasema notisi ziko stationeri, kila mtu akatoe kopi.

Hizo notisi ninazo hapa mezani. Kopi ya kopi ya kopi, pembeni weusi mtupu, mistari ya chini imekatwa. Ukurasa wa kwanza kuna picha ya mzee mnene, kipara, kitambi nje, anacheka. Chini yake: "Buddha, mwanzilishi." Jamani, huyo siye! Huyo ni Budai, mtawa wa Kichina ambaye simulizi zao zinamweka karne ya 10. Buddha mwenyewe, Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini, sehemu ambayo leo iko Nepal, akafundisha kaskazini mwa India zaidi ya miaka elfu moja kabla ya huyo mzee wa kitambi. Ni sawasawa na kubandika picha ya Baba Krismasi ukaandika chini "Yesu". Na hakuna aliyeshtuka miaka yote hiyo, maana notisi zinaonekana zilipigwa kwa taipureta.

Ukurasa wa pili ndio ulionichemsha. "Wabudha huamini maisha ni mateso, hivyo hawajishughulishi na mambo ya jamii." Sawa. Mwaka 1959 waziri mkuu wa Sri Lanka, S.W.R.D. Bandaranaike, alipigwa risasi nyumbani kwake na mtawa wa Kibudha, akafa kesho yake. Mtu asiyejishughulisha na mambo ya jamii haui waziri mkuu.

Mtihani ukaja hivi, nanukuu: "Thibitisha kwamba Ubudha ni dini ya kuabudu sanamu isiyo na mchango kwa jamii (alama 20)." Thibitisha! Yaani hukumu imeshatoka, wewe kazi yako ni kugonga muhuri. Nikaandika ninachokijua. Nikaeleza habari za Ashoka, mfalme Mbudha wa India ya karne ya 3 KK, aliyeipiga nchi jirani ya Kalinga halafu akachonga kwenye mwamba maneno ya majuto, akitaja mwenyewe watu 100,000 waliouawa na 150,000 waliohamishwa kwa nguvu. Kwenye mwamba huo wa amri zake anaeleza dawa za watu na za mifugo, visima na miti ya kivuli barabarani. Kisha nikamleta Ambedkar, mwanasheria na mwanasiasa wa India. Karatasi ikarudi na kalamu nyekundu pembeni: "Rejea notisi." Alama 4.

Ngoja nikae kwa Ambedkar kidogo, kwa sababu ndiye aliyenifanya nitake kuandika tasnifu juu ya jambo hili. Alizaliwa 1891 katika Wamahar, watu waliohesabiwa najisi kiasi cha kutoguswa. Shuleni alikalia gunia lake mwenyewe alilotoka nalo nyumbani. Akishikwa na kiu hagusi bomba, mpaka mhudumu wa shule amfungulie, na mhudumu asipokuwepo siku hiyo anashinda na kiu. Mtoto huyo akaja kusoma Columbia kule Marekani, akasoma na London, akaongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya India. Mwaka 1935 alitangaza kwamba amezaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Hakukurupuka. Alikaa miaka mingi akizipima dini moja moja, mpaka tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, alipoingia Ubudha na mamia ya maelfu ya watu nyuma yake. Desemba 6 mwaka huo huo akafariki, na kitabu chake juu ya Buddha kikatoka 1957 mwenyewe ameshaondoka duniani. Humo anakataa katakata kwamba mnyonge anateseka kwa makosa ya maisha yake yaliyopita. Wapo Wabudha wa madhehebu ya zamani ambao hadi leo wanamlaumu kwamba ameikata dini yao kwa kipimo chake. Sasa huo ndio mjadala! Huo ndio ulitakiwa uwe darasani, watu tubishane mpaka jua lizame. Sisi tunakariri kitambi cha Budai.

Nikaandika pendekezo la utafiti: namna fikra za Kibudha zinavyosomwa vyuoni na zinavyofanya kazi katika jamii. Nikaenda nalo kwa msimamizi. Shikamoo Dokta, marahaba, kaa. Akasoma kichwa cha habari, akavua miwani.

"Wazazi wako wanajua unachosoma hapa?"

Nikamwambia wanajua, mimi mtoto wa mzee wa kanisa, na Jumapili naimba kwaya.

"Basi shetani anaanzaga hivi hivi. Halafu Arusha hii Mbudha yuko wapi? Utamhoji nani, twiga?"

Wenzangu wawili waliokuwa wanasubiri zamu mlangoni wakacheka. Pendekezo likarudi bila hata kufunguliwa ukurasa wa pili. Nikashauriwa niandike "mchango wa dini katika kukuza utalii", mada ambayo pale idarani wameshaiandika mpaka imechakaa.

Nijibu la twiga. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Wabudha, lilianzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, waliokuja enzi za ukoloni, ni basi la asubuhi tu kutoka hapa. Na hapa hapa mjini waulizeni mabroka wa mawe wameuziana na Wathai na watu wa Sri Lanka tangu lini. Broka anamjua mnunuzi wake kwa jina, anajua anakula nini na lini hafanyi biashara. Chuo kilichoko hatua chache kutoka kwa broka hakijui kitu.

Lakini hata asingekuwepo Mbudha mmoja nchini, bado hoja ni mbovu. Tumesoma Wamisri wa Firauni, tulimhoji nani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili lingetufaa sisi wenyewe. Chukua Myanmar. Mtawa kule haruhusiwi kujipikia wala kushika pesa, asubuhi anapita na bakuli, wenye nyumba wanamtilia wali. Usidhani anayepewa ndiye anayefadhiliwa. Anayetoa ndiye anayevuna thawabu. Mwaka 2007 wanajeshi walipowapiga watawa, watawa wakapindua mabakuli: sadaka ya mwanajeshi hatupokei. Kwa mtu wa huku hiyo ni kichekesho, umegoma kula wali wa mtu, kwani kapungukiwa nini? Kumbe umemfungia njia ya thawabu mbele ya mama yake na majirani zake. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini majenerali wenye bunduki walihangaika na watu waliobeba mabakuli. Halafu nchi ile ile, mavazi yale yale, anatoka mtawa Ashin Wirathu anahubiri chuki dhidi ya Waislamu, na kuanzia Agosti 2017 Warohingya, Waislamu wa huko, zaidi ya 700,000 wanakimbilia Bangladesh. Inakuwaje? Notisi zinasema hawajishughulishi na jamii.

Na swali hilo mji gani una haki ya kuliuliza kuliko Arusha? Pale AICC, kituo cha mikutano, ndipo ilipokaa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Padri Athanase Seromba alihukumiwa hapa mwaka 2006, na rufaa ya 2008 ikampa kifungo cha maisha, kwa habari ya watu waliokimbilia kanisani kwake Nyange, kanisa likaangushwa kwa buldoza wakiwa ndani. Tulikuwa tunapita pale na vifodi tukienda shule. Mtu aliyekulia mji huu akimweka Seromba na Wirathu meza moja, ana la kuwaambia wasomi wa Ulaya, sio kusubiri wao wamwambie.

Maana nao wana yao. Mwanazuoni Mfaransa Eugène Burnouf alitoa kitabu kikubwa kuhusu Ubudha wa India mwaka 1844 bila kukanyaga India, akitegemea miswada aliyotumiwa Paris na Mwingereza Hodgson kutoka Nepal. Kazi ya kuheshimika, sibishi. Lakini ndiyo ikazoesha watu kuutafuta Ubudha vitabuni na kumsahau bibi anayetia wali bakulini. Mtu akija na swali kutoka upande wetu ataona vingine. Mimi kwetu Old Moshi, tumelelewa na shule za Walutheri toka kwa mababu. Nikisoma kwamba mwaka 1873 kule Panadura, Sri Lanka, mtawa na mchungaji walisimama mbele ya umati siku mbili wakirushiana hoja, kila upande ukajitangazia ushindi, na kwamba baadaye Wabudha wakaanzisha shule zao, jumuiya za vijana na mafundisho ya watoto ya Jumapili kwa mtindo wa wamisionari waliokuwa wanapambana nao, mimi hayo sihitaji kuelezwa mara mbili. Mihadhara ya uwanjani tumeikuta mtaani. Profesa Gananath Obeyesekere wa Sri Lanka aliuita Ubudha wa namna hiyo "wa Kiprotestanti". Mzee wangu nilipomsimulia alicheka sana, akauliza, "Na harambee nazo wanafanya?"

Sitasema mengi kuhusu zile loji zenye sanamu ya Buddha bustanini, mgeni analipa dola akae macho yamefumbwa anautazama Mlima Meru. Biashara yao. Ila inashangaza kwamba kumuuza Buddha ruksa, kumsoma ndio ushetani.

NYONGEZA: Naona michango imeanza, nijibu kwa pamoja.

Mkuu unayeuliza kama nimeshaingia hiyo dini: hapana, na ningeingia, Ibara ya 19 ya Katiba isingekuuliza wewe.

Dada uliyesema mhadhiri naye ana mzigo, anafundisha kozi nyingi kwa mshahara mmoja: hilo ni kweli na nakubali. Lakini kubadili picha moja hakuhitaji mshahara. Na neno "thibitisha" kugeuzwa "jadili" ni bure kabisa.

Wewe wa "acha ujuaji, andika wanachotaka upate GPA utoke": wamejaa kama wewe, ndiyo maana notisi ni zile zile.

Nimeandika barua kwa mkuu wa idara, nakala kwa serikali ya wanafunzi. Naomba mambo matatu: swali lile lifutwe na karatasi zisahihishwe upya, notisi zitupwe, na pendekezo langu lisomwe na mtu mwingine mpaka ukurasa wa mwisho. Barua imepokelewa, imegongwa muhuri, basi. Katibu ananiambia "bado iko kwa bosi".

Kama humu kuna mhadhiri wa chuo chochote, Moshi au Dar, anayeweza kuwa msimamizi wa pili, anicheki PM. Na mwenye kitabu cha Ambedkar cha karatasi, nitatoa kopi nikurudishie, stationeri wameshanizoea.