Kikundi cha ukoo: mavuno ya Jumamosi

Shangazi Pendo: Hamjambo wanangu? Jumamosi tunavuna zabibu Hombolo 🍇🍇🍇🍇🍇🍇🚚🚚🚚🙏🙏🙏 saa 12 asubuhi muwe shambani

Bibi: 🍇👍 🚚❓

Baba Mdogo Yohana: Shikamoo dada. Nina ombi. Mimi simu ndiyo inanisomea, na yangu hutaja picha moja moja: zabibu, zabibu, zabibu, lori, lori... Saa ya kukutana imenipita humo humo. Picha moja inatosha, tena ikae mwisho.

Shangazi Pendo: Marahaba. Basi: Jumamosi, saa 12 asubuhi, Hombolo. Kila mtu na mkasi wake 🍇

Neema: Shikamooni. Ila tusiziache kabisa jamani. Bibi hajui kusoma, na kwa picha anajibu mwenyewe bila kungoja mjukuu. Hapo juu anauliza kama kuna gari la kumchukua.

Baba Mdogo Yohana: Kumbe! Nimesikia lori na alama ya kuuliza, nikadhani ni lori la zabibu. Mama aendelee. Mwenye macho tu atufafanulie kama ulivyofanya.

Juma: Shikamooni wazee. Hizi picha Mjapani Shigetaka Kurita alichora 176 mwaka 1999 kwa simu za kwao. Siku hizi ziko kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama za kompyuta na simu, kila moja na namba na jina, ndiyo maana simu ya ba'mdogo inaweza kuzitaja. Lakini jina linataja umbo, nia ya mtumaji haimo.

Baba Mdogo Yohana: Hapo hapo. Kikundi cha mtaa, chini ya tangazo la msiba, watu wameweka 😂 wakidhani ni mtu analia. Wao wanaona machozi. Mimi nasomewa "machozi ya furaha", tena na tena, na mfiwa yumo. Iliniuma sana. Msibani andikeni pole kwa maneno.

Shangazi Pendo: Mungu wangu. Hilo lishikwe na wote.

Neema: Hata michoro ya kale ya miambani ya Kolo kule Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006, wataalamu bado wanajadili maana yake. Waliochora hawapo. Bibi yupo, tunamuuliza.

Shangazi Pendo: (ujumbe wa sauti) Mama, gari lipo, Juma atakupitia.

Bibi: 👍

Juma: Ba'mdogo, nawe nakupitia Nkuhungu saa 11 alfajiri. Shangazi, kreti ziko kwako?

Shangazi Pendo: Zipo, njoo uzichukue Ijumaa jioni.